Jivu la Kidevuni

Mwaka ule maduka ya Same yalianza kujaa vitu, na mifuko yetu ikabaki vilevile. Ndipo binti yangu alipogoma kurudi shule. Alikuwa kidato cha pili, na kidevuni zilimwota ndevu, ndevu hasa, nyeusi za kujikunja. Wenzake bwenini walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo babu." Akaniambia harudi mpaka zitoke.

Nilikuwa nimechoka. Asubuhi nafundisha, jioni napalilia tangawizi, na katikati hapo nikaenda kununua tyubu ya dawa ya kuondoa nywele kwa machinga wa stendi, aliyeniapia kwamba Dubai wanawapaka hata watoto. Nikampaka. Ndevu zilitoka, na ngozi nayo ikatoka.

Nikampeleka hospitali, Gonja. Muuguzi alimpaka dawa ya kuungua, akanisema kidogo, kisha akataja kwamba Ulaya kuna mashine ya mwanga inayochoma unywele mpaka kwenye shina. Laiti angenyamaza. Njia nzima binti yangu aliniuliza kama mashine hiyo iko Nairobi, na kama haiko, Dar je? Nami niliwaza kweli, nina ndugu gani Nairobi, na mwanga huo ukikosea utamfanya nini mtoto ambaye tyubu tu imemchuna.

Kidonda kilipona, ndevu zikarudi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Jumamosi nikabandika makande. Kwetu Upareni makande yakishakaa jikoni huna haraka tena, unakaa na moto wako. Miaka yote, saa hiyo nilikuwa nawatuma watoto wote maji. Siku hiyo sikumtuma mtu. Nilikuwa nimechoka hata kujificha. Nikachota jivu lililopoa, nikajipaka kidevuni ili vidole visiteleze, nikaanza kung'oa mbele ya binti yangu, kama mama yangu alivyonifundisha.

Alinitazama weee. "Mama, kumbe na wewe?"

"Tangu nina umri wako. Na bibi yako pia."

"Huwa zinaisha?"

Uongo ulinijia mdomoni, ila sikuwa na nguvu ya kuutunza. "Haziishi, mwanangu."

Alilia, nikamwacha alie. Mimi mwenyewe roho iliniuma, maana nilitamani kumpa kitu kingine. Baadaye akasogeza kigoda, akaniinulia kidevu chake. Makande yalipoiva tulikuwa tumemaliza.

Jumatatu aliondoka. Kwenye sanduku lake, kati ya sabuni na sukari, niliweka kopo la jivu lililochekechwa vizuri.

Alipokuja likizo kopo lilikuwa tupu. Nikamuuliza imekuwaje, jivu lile lilikuwa la kumfikisha mwisho wa mwaka. Akasema lingemfikisha, ila wale wa "shikamoo babu" walikuwa wanakuja kuliomba, mmoja mmoja.