Siku Waliyosema Mama Ametaghi

Mpaka leo nikikutana na neno "taghi" kwenye maandishi, najisikia kufunga kitabu na kukitupa. Si neno la kila siku. Watu wengi wanaishi na kufa bila kulitamka. Mimi nililetewa darasani, kwa chaki, na mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana wa Mafiga aliyependa maneno magumu kama wenzake walivyopenda viatu vipya.

Kutaghi, alisema, ni kuikaidi amri ya mkubwa wako kwa makusudi, huku ukijua kabisa kwamba ni amri. Kisha akaandika mfano ubaoni: "Mama mmoja wa kijiji hiki ametaghi amri ya chama." Darasa zima likageuka kunitazama. Mama huyo alikuwa wangu.

Amri yenyewe ilianza kwa upumbavu, na sitaitafutia neno la heshima zaidi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kila kijiji kilitakiwa kuwa na shamba la pamoja. Katibu kata, mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alipanda mlima juu ya Bigwa akaliona shamba letu: udongo mweusi, mfereji wa maji pembeni, kabichi na njegere zimestawi. Akamuuliza baba kama analitoa kwa kijiji. Baba akajibu kwamba yeye hana neno. Katibu akashuka na furaha zake, akatangaza mkutanoni kwamba mwenye shamba amekubali.

Mluguru yeyote angecheka. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba alikuja kuoa, akaonyeshwa pa kulima kama mgeni anavyoonyeshwa kiti; hakuwa na neno kwa sababu hakuwa na haki ya kuwa nalo. Mama alipewa shamba lile na bibi, naye bibi alipewa na mama yake, na wote wawili wamezikwa pale juu kwenye migomba. Mama alimweleza katibu hayo yote kwa upole, akaongeza kwamba shamba la pamoja atakwenda kulilima popote watakapolifungua, ila hili halitoi. Mjomba naye akaeleza. Katibu aliwasikiliza akitabasamu, halafu akasema mambo ya ukoo yamepitwa na wakati, na mwanamke aache kumvunjia mumewe heshima. Baba alikuwa amekaa palepale anatazama vidole vya miguu yake. Nilimkasirikia na yeye.

Sasa mwalimu akatutaka kila mmoja atunge sentensi yake. Wenzangu walimwandika mama, maana mfano walikwisha kupewa: mama wa mwenzetu ametaghi, mwanamke mtaghi si mzalendo, na takataka nyingine za namna hiyo. Mimi niliandika: "Katibu kata ametaghi amri ya wenye ardhi." Mwalimu aliisoma kimya, akachukua fimbo. Alipomaliza kunichapa akanieleza, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha hesabu, kwamba sentensi yangu haina maana.

"Mkubwa hataghi," alisema. "Anayetaghi ni mdogo."

Kabla ya hapo mgambo walikuwa wametumwa kulichukua shamba, lakini mgambo wenyewe walikuwa watoto wa dada zake mama. Walifika, wakamwamkia shikamoo, wakarudi walikotoka. Ndipo katibu alipofikiria shule. Siku hizo kulima kulikuwa sehemu ya masomo, kwa hiyo tulipoambiwa tuje na majembe hakuna aliyeshangaa. Tulipanda mlima tukiimba. Tulipoipita njia ya kwenda kisimani nikajua tunakopelekwa, na wimbo ukanikatikia mdomoni.

Mama alikuwa amesimama katikati ya kabichi zake. Mwalimu akatuamuru tung'oe. Wenzangu wakanitazama. Niliweka jembe chini, nikakaa juu ya mpini wake, nikasema mimi sing'oi. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na hasira tamu, na nilikuwa na hakika kwamba mama anaiona.

Katibu, aliyekuwa amepanda pamoja nasi, alipaza sauti ili imfikie mama. Alisema mtoto anayekataa kazi ya taifa hana nafasi shuleni, na kwamba leo ndio mwisho wangu wa kusoma. Nikawaza, na uwe mwisho. Nilimgeukia mama nikingoja aniambie nibaki nimekaa.

Mama alishuka matuta taratibu, akaniinua, akalichomoa jembe na kunipa mkononi.

"Lima, mwanangu," alisema. "Mimi shule sikuiona."

Kisha akainama akaanza kung'oa pamoja nasi, akiziweka kabichi pembeni kwa mpangilio, kana kwamba kesho yake angezipeleka sokoni. Katibu alipiga makofi. Aliwaambia watoto kwamba mama sasa ameelewa siasa. Mwalimu naye akapiga makofi, mshenzi yule.

Mama hakuwa ameelewa chochote. Mgambo walimshindwa, mkutano ulimshindwa, mpaka walipomletea mtoto wake mwenyewe na jembe. Nililima siku ile, na shule nikaimaliza. Mama hakupanda tena kule juu, hata kufagia makaburi. Alisema hajui atamwambia nini mama yake.