Kunguni wa Dada wa Batsinda

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo kule Kimisagara, nilikuta watu wawili mbele yangu. Wa kwanza, mama mmoja, aliinama hadi sikioni mwa muuzaji.

"Iko dawa ya kunguni? Si yangu. Ni ya dada yangu wa Batsinda."

Akaomba ifungwe kwenye bahasha mbili, moja ndani ya nyingine, isionekane.

Mzee aliyemfuata akakohoa. "Na mimi nipe hiyohiyo. Ya kuku."

"Mana yanjye, Mungu wangu!" Muuzaji akapiga meza. "Kuku gani, papa? Ninyi ni majirani, vyumba vyenu viko hapo nyuma. Mmoja akipiga dawa leo, kunguni wanapenya ukutani kwa mwenzake, wiki ijayo wanarudi. Ongeeni, mpige wote siku moja!"

Wale wawili wakatazama dari kama watu wasiojuana. Mwezi wa tatu sasa wanahamishiana wadudu, na hakuna anayethubutu kulitamka jambo lenyewe! Ustaarabu gani huu wa kunyonywa damu kimyakimya?

Muuzaji akanigeukia. "Na wewe wa chumba cha katikati?"

Nikajikuna shingo.

"Dawa ya mbu," nikasema.