Mama wa Chuo Kikuu na Karatasi za Milangoni

Taarifa ilinikuta Issenye, nimekaa kwenye benchi la fundi nikisubiri tairi la pikipiki lizibwe. Ilikuja kwenye simu kama zinavyokuja taarifa zote siku hizi, imetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu, chini yake kuna picha ya mshumaa. Ilisema yule mama wa chuo kikuu, mtaalamu wa mawasiliano aliyekuja Tarime miaka ya dhahabu kufundisha mambo ya afya, amefariki. Sikuisambaza. Nilifanya kile alichonizoesha yeye mwenyewe: nilijiuliza nani kasema na amejuaje, kisha nikampigia fundi cherehani mmoja wa Mugumu ambaye dada yake alifanya kazi naye miaka mingi. "Innalillahi, ni kweli, ndugu yangu," akanijibu. "Amezikwa jana." Nikabaki nimekaa pale hadi fundi aliponigusa bega. "Mzee, tairi tayari. Au umepapenda hapa?"

Wasomaji wangu wanajua kwamba sijawahi kutulia mahali. Nilipomaliza kidato cha nne niliona shamba la baba ni dogo na dunia ni kubwa, nikafuata dhahabu kama vijana wenzangu wote wa Tarime. Kazi yangu ilikuwa mwaloni, pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa na kuchanganywa na zebaki ili ikamate chembe za dhahabu. Ukishakamua kwenye kitambaa kile kidonge cheupe cha zebaki na dhahabu, unakiweka motoni. Zebaki inaondoka kwa moshi wenye sumu, dhahabu inabaki. Kwetu kazi hiyo ya kuchoma ilikuwa ya akina mama, na waliifanya ndani. Dhahabu haichomwi mbele ya watu, tulisema, maana jicho la mwizi halina pazia. Kwa hiyo ilichomwa jikoni, mlango umefungwa, kwenye mafiga yaleyale yanayopika ugali, watoto wakiota moto pembeni.

Mchomaji hodari kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Nyarero. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na mwalo mzima ulimpenda. Lakini mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na sasa alikuwa na ya tatu. Mama mkwe wake alikuwa amekwishaanza kuuliza kwa sauti kama mwanawe asingetafuta mke mwingine. Sote tulijua kwamba mimba hiyo ndiyo ndoa yake.

Hapo ndipo alipokuja Profesa, yule mama wa chuo kikuu. Chuo kilikuwa bado hakijampa cheo hicho; sisi ndio tuliotangulia kumpa. Alikuja na karatasi za rangi zenye picha ya mama anayepuliza moto, moshi umemzunguka, mtoto anakohoa nyuma yake. Kila nyumba ilibandikwa karatasi mlangoni, na juu ya kila karatasi palikuwa na namba, ili arudi baadaye kuuliza kila nyumba imeelewa nini. Alinichukua mimi niandike namba kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijua Kikurya. Nilitoka kwenye tope siku hiyohiyo.

Karatasi ziligombaniwa. Watu walitufuata njiani. "Mura, niandikie na ile ya nyuma," mzee mmoja aliniambia, akiniita kwa jina tunalomwitia kijana wa kiume.

"Ile si nyumba, mzee. Ni miti minne na bati."

"Umetumwa kukagua au kuandika? Andika!"

Profesa alifurahi sana. "Watu hawa wana kiu ya elimu ya afya," aliniambia huku akijaza daftari. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilijua kiu yao ilikuwa ya nini. Miaka ile kila mtu alikuwa na habari kwamba mgodi mkubwa ukitaka kupanuka, wathamini hutangulia, huandika namba kwenye nyumba, halafu fidia hufuata. Kwa hiyo watu walijenga haraka vibanda visivyolaliwa na mtu, tukaviita tegesha, kama mtu anavyotegesha mtego akasubiri. Karatasi ya Profesa ilikuwa na namba, hilo liliwatosha. Mzee mmoja aliifunika yake kwa nailoni isije ikalowa mvua, na nailoni ilipokuwa fupi akaacha picha nje, akafunika namba. Baba yangu mdogo naye alikuwa na tegesha mbili. Nilinyamaza kwa ajili yake, na kwa ajili ya kazi yangu safi. Nilinyamaza wiki tatu.

Wiki ya tatu tulirudi kwa yule mama wa Nyarero. Tulipiga hodi, akafungua, na moshi ukatoka pamoja naye. Kwenye figa palikuwa na kikaango kidogo na dhahabu ikiiva. Alikuwa na tumbo la kuonekana sasa.

"Mama, ile picha mlangoni umeiona?" Profesa akamuuliza.

"Nimeiona, mwalimu. Naifuta vumbi kila siku."

"Inasema nini?"

"Inasema kumi na saba."

Profesa akadhani hakusikia vizuri. Mama akamrudishia kwa upole, kama anavyosaidiwa mgeni: "Sisi ni namba kumi na saba. Wathamini wanakuja lini?"

Profesa akanigeukia. Mimi nikawatazama kuku. Tulipotoka pale alicheka mpaka akashika mti, kisha kicheko kikakatika ghafla. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama. Uliuliza kama wanazipenda."

Nilitegemea anifukuze. Alitoa daftari, akaandika maneno yangu hayohayo, akapiga mstari chini yake. Kesho yake alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza kwamba karatasi zile hazina fidia, na alitukanwa vya kutosha. "Basi ibandue, na gundi yako uondoke nayo!" alifokewa na yule mzee wa nailoni. Akaibandua mwenyewe, kwa kucha.

Wapo wataalamu ambao wangefunga mizigo hapo na kuandika ripoti juu ya ujinga wetu. Yeye alikuja mwaloni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuuliza. Habari za zebaki mnazipata wapi? Jibu lilikuwa moja: kwenye gari la matangazo siku ya mnada. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepita na vipaza sauti juu ya gari, akiuza chupa za dawa ya kusafisha damu. Kunywa kifuniko kimoja asubuhi, alisema, shushia na maziwa, zebaki yote itatoka kwa mkojo. Mama wa Nyarero alikuwa akinywa tangu mimba ilipoingia. Ndiyo maana alichoma bila hofu. Alijiona ana kinga.

Profesa hakumwambia kwamba amedanganywa. Alimuuliza, "Mtu akikuletea dhahabu usiyoijua, unanunua?"

"Naanza wapi? Naipasha moto kwanza. Ikiwa nyeusi, najua ni shaba."

"Na mtu akikuletea maneno?"

Akina mama wachomaji waliokuwa wamemzunguka wakatazamana. Mmoja akacheka peke yake. Walikaa naye siku hiyo yote wakitunga moto wa kupasha maneno: huyu ni nani, anapata nini nikimwamini, amejuaje, na nani wa hapa kwetu amejaribu akaona. Hakuna aliyeandika chochote. Hakukuwa na haja.

Siku ya mnada nilikuwepo. Gari likasimama, sauti ikanguruma: "Akina mama, zebaki haina nguvu mbele ya chupa hii!" Mama wa Nyarero akasogea mbele na tumbo lake.

"Kaka, samahani. Nani wa hapa Nyarero umemtibu? Mtaje tumjue."

"Wapo wengi, mama! Musoma, Mwanza, kote..."

"Huko ni mbali. Nimeuliza wa hapa."

"Mimi wa hapa!" sauti ya mama mwingine ikatoka nyuma. "Nimemaliza chupa, na mikono bado inacheza ngoma peke yake." Watu wakacheka.

"Haya, unasema zebaki inatoka kwa mkojo. Wewe uliionaje?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Sawa, mtaalamu. Basi kunywa kifuniko kimoja, halafu njoo ukae jikoni kwangu na moshi wangu mpaka jioni. Ukitoka mzima nanunua gari lote."

"Mimi nina safari," akasema yule bwana, na kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo mnada wote ukasikia. Sijaona tena watu wakicheka vile Nyarero.

Lakini kumfukuza muuza dawa hakukuzima moto jikoni. Yule mama alikula kwa kuchoma. Njia ilitoka kwao wenyewe: wakasema kama tatizo ni wizi, basi tuchome pamoja, uwanjani, mchana kweupe, siku moja, waume zetu wakiwa wamesimama na fimbo, mwizi gani atakuja? Mjamzito asisogee, wenzake wamchomee kwa zamu na dhahabu yake imfikie. Profesa aliongeza kitu kimoja tu, chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba la kurudisha moshi wa zebaki uwe zebaki tena, na akarekodi sauti zao kwa Kikurya ili kanda zichezwe kwenye mialo mingine. Mafiga ya yule mama yalitolewa jikoni na mama mkwe wake mwenyewe, akinung'unika njia nzima, lakini aliyatoa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa nilimwona mgeni naye akipona, akiacha kufundisha mpaka alipojifunza kuuliza.

Mara ya mwisho nilimkuta Robanda, miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikifanya kazi kambi ya watalii. Alikuwa ametembelea wakulima ambao mahindi yao yaliliwa na tembo, na badala ya kuzungumza alikuwa akisikiliza ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kijijini juu ya majani yanayotibu kila homa. Nywele zilikuwa nyeupe zote. "Lile gari la matangazo sasa kila mtu analo mfukoni," aliniambia. Nilidhani anasikitika. Akaongeza, "Na huyu binti wa hapa aliyenisikilizisha ujumbe ameshawauliza waliomtumia nani amepona. Hakuna aliyemjibu. Umeona?" Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota chembe kwenye karai.

Yule mama alijifungua salama, mtoto wa kike, akilia kwa nguvu. Sitasema ni hewa safi iliyomwokoa; Profesa angenirukia kwa swali la umejuaje, na sina jibu. Ninachojua ni kwamba mama alikaa mbali na moshi miezi iliyobaki, na ndoa yake ikasimama. Mwaka huu nilipita mnadani Nyarero, nikamkuta binti huyo, sasa mtu mzima, akibishana na muuza mbegu. "Nani amezipanda kwenye udongo wa hapa zikaota?" Muuza mbegu alikuwa anafuta jasho. Binti hakuwahi kumwona Profesa.

Tumezoea kulaumu wataalamu wanaokuja na picha zao bila kutuuliza. Ni haki yetu. Lakini mwaka ule wapo tuliojua na tukanyamaza, mimi wa kwanza, na kwa wiki tatu mama mjamzito alivuta moshi mimi nikiwa naandika namba kwa mwandiko mzuri. Mtoto alipozaliwa nilishukuru kuliko mtu yeyote pale, na hakuna aliyejua kwa nini. Kuuliza ni wajibu wa mgeni. Mwenyeji anayejua asisubiri kuulizwa.