Dole Gumba Juu ya Prosesa

Kaka yangu alinipigia simu mara tatu kuhusu joto la kompyuta yake. Alikuwa na studio ya video Muleba, chumba kimoja cha bati, akihariri harusi, ubatizo na mazishi. Mimi ni fundi wa kompyuta Bukoba mjini. Mashine ile nilimchagulia mimi mwenyewe: prosesa yenye nguvu, kadi kubwa ya picha, kasha lenye kioo ubavuni.

"Inajizima," alisema mara ya kwanza. "Nikianza kutoa video, dakika kumi tu, imekufa."

"Hilo ni joto. Nitakuja Jumamosi."

Sikwenda. Mara ya pili nilimwambia aondoe kile kioo na aielekezee feni ya mezani. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imechoka. "Waitu, ndugu yangu, njoo. Nina harusi ya watu hapa, haiishi."

Nikamwambia wiki ijayo. Sikuwa na kazi kubwa siku zile. Baadaye, kwenye msiba wake, watu walinifariji kwamba nilikuwa nimebanwa na shughuli, nami nikawaacha waamini hivyo.

Kwa kuwa mashine haikumruhusu kuhariri, alikubali kazi ya kwenda kurekodi sherehe ya wavuvi kisiwani Goziba. Wakati wa kurudi, dhoruba ilipindua mtumbwi wao. Tulimzika kwenye kibanja cha baba, kati ya migomba na mibuni.

Baada ya mazishi nilianza kumsikia. Feni ya mashine yoyote ikiongeza kasi mezani kwangu, niligeuka kana kwamba mtu ameingia na kuvuta pumzi ya kutaka kusema neno. Mteja mmoja aliniuliza kama naumwa.

Mwezi wa pili tangu tumzike, shemeji, mke wake, alinipigia. Alitaka video ya komunyo ya kwanza ya binti yao. "Yeye haonekani humo," alisema, "lakini anaongea nyuma ya kamera. Nikiifungua inafika nusu, kompyuta inazima. Mama anasema marehemu mwenyewe hataki tumsikilize."

Safari hii nilikwenda siku hiyohiyo.

Nilifika mchana, bati linaunguza. Shemeji alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Niliwasha mashine, nikafungua programu ya kupima joto, kisha ile video. Feni zote zikapaza sauti. Sabini na tano. Themanini na nane. Kioo cha skrini kilionyesha watoto wenye nguo nyeupe wakipanga mstari, na sauti ya kaka ikamwambia binti yake, "Sogea kidogo, mama, nikuone." Tisini na tisa. Giza.

"Umeona?" shemeji alinong'ona.

"Inajizima yenyewe isiungue," nilimwambia. "Si yeye." Nywele za shingoni zilikuwa zimesimama.

Nililaza kasha, nikafungua. Vumbi jekundu la barabarani lilikuwa limeziba chujio la mbele kama blanketi. Kaka alikuwa ameongeza feni ya nyuma, lakini aliifunga kinyume, ikawa inarudisha ndani hewa ya moto. Nilisafisha, nikageuza feni. Kisha nikafungua skrubu nne za kipoza joto kilichokaa juu ya prosesa, nikakiinua.

Pale panapopaswa kuwa na pesti ya kupitisha joto, palikuwa na dawa ya meno. Imekauka, nyeupe, imepasuka kama tope la kiangazi. Katikati, ambapo haikugusana vizuri na chuma, palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yote inaonekana. Aliipaka mwenyewe. Alikuwa amechoka kunisubiri.

Shemeji alisogea akaiona.

"Lazima uifute?"

"Lazima. Vinginevyo haitapoa."

Alitoa simu akaipiga picha. Kisha akaniambia, "Futa." Nililowesha kitambaa kwa spiriti. Nikafuta pole pole, ukingo kwanza, kile kidole mwisho. Nikapaka pesti mpya, nikafunga kila kitu, nikawasha. Video ilicheza yote, joto halikuvuka sitini na tano. Tulimsikia akicheka, akikohoa, akimwita binti yake. Shemeji alilia bila sauti.

Hapo ndipo nilipomwambia. Kwamba kaka alinipigia mara tatu, kwamba nilikuwa na nafasi, kwamba mashine ingekuwa nzima angekuwa hapa akimalizia harusi ya watu.

Hakunitazama. "Alikuwa ananiambia una kazi nyingi," alisema. "Kila siku. Alikutetea."

Alinisindikiza hadi mlangoni, akanishukuru kwa kuja, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Shemeji alijifunza kuhariri, na studio ipo. Mwaka jana nilimtumia ujumbe kwamba vumbi linapaswa kutolewa kila baada ya miezi michache, na kwamba niko tayari. Alijibu kwamba amepata fundi wa palepale Muleba, anakuja akiitwa.