Kufuli la Mzee Kahangwa

Pale Miembeni, simu ikigoma kuwaka, watu hawaulizani mara mbili: ipeleke kwa Sumaiya. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ndefu, taa ya kuinamisha, na kompyuta moja kongwe pembeni. Kioo kilichopasuka anakibadilisha, betri iliyovimba anaitoa, na akikwambia "hii haifai, kanunue nyingine," ujue kweli haifai. Watu wanamwita fundi simu, naye anaitika. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alisomea kutengeneza tovuti, na kwamba zamani juu ya mlango ule palikuwa na majina mawili: lake na la Rutaihwa wa Nyanga.

Walisoma chuo kimoja Mwanza, wakarudi Bukoba pamoja, miaka ile simu za kugusa kioo zilipoanza kuingia mikononi mwa watu. Rutaihwa alikuwa mchoraji. Kila alichokitengeneza kilitembea, kiling'aa, kilifunguka kama ua. Sumaiya alikuwa mtu wa swali moja: asiye na kompyuta atakionaje? Kwa swali hilo waligombana tangu darasani mpaka kazini, na ugomvi wao ulikuwa mtamu. Wateja waliokuja kutoa kopi walikaa kuusikiliza kama wanaosikiliza mpira redioni.

Rutaihwa alipenda kutumia plagini, yaani kiprogramu cha ziada ambacho kampuni fulani ya ng'ambo inakitengeneza, nawe unakipachika kwenye kivinjari ili kitu kicheze. Bila hicho, ukurasa unakuonyesha kisanduku cha kijivu. Sumaiya alitaka kila kitu kiandikwe kwa lugha ya wavuti yenyewe, ile isiyo na mwenyewe, ambayo simu ya mkulima na kompyuta ya mkurugenzi zote zinaielewa.

"Shehe Sumaiya ameanza hotuba," Rutaihwa alikuwa akisema. "Jamani, vueni viatu."

"Na wewe Mhaya, ilimradi kitu kina mbwembwe umeshakipenda, kifunguke kisifunguke."

Watu walicheka, nao wawili walirudi kazini.

Kisha ikaja kazi ya Mzee Kahangwa, baba yake Rutaihwa. Mzee alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kule Nyanga, hakosi misa ya kwanza Jumapili, lakini sifa yake ilikuwa majigambo, yale Wahaya wanayoyaita ebyebugo. Kwenye harusi alisimama mbele ya watu, mkuki mkononi, akajisifu kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe: alikotoka, alichokishinda, aliyempenda. Siku hizi wengi hubabaisha mistari miwili wakakaa. Mzee Kahangwa aliposimama, hata wapishi waliacha masufuria wakaja kuchungulia. Na nyumbani kwake sheria ilikuwa moja: majigambo yana mwenyewe. Hakutaka mtoto ayakariri wala jirani ayaige. "Utajisifu kwa mkuki wa mwenzio?" alikuwa akiuliza. "Tunga yako."

Aliyeomba yarekodiwe alikuwa Renatha, binti yake, aliyeolewa Bumbire na kufanya biashara ya dagaa huko. Miguu ya baba ilikuwa imeanza kuvimba, na safari ya kutoka kisiwani haikuwa ya kila wiki. "Nataka nimsikie huku huku," alimwambia kaka yake. "Ziwa likichafuka, nimsikie."

Basi Sumaiya na Rutaihwa wakabeba kamera mpaka Nyanga. Mzee alikataa kuketi. Alisimama katikati ya kibanja chake cha migomba, vazi jeupe begani, akaunyanyua mkuki, na sauti iliyotoka ilimfanya Sumaiya asahau kutazama kama kamera inarekodi. *Mimi Asiyeuliza Njia*, alianza, kwa Kihaya kizito cha zamani. *Mimi niliyevuka mto kabla ya mvua ya mvumbi kulegea.* Alipomaliza alikuwa akihema, na mke wake Kokuberwa alimletea kigoda.

Ubishi ulianzia pale pale, kahawa za kutafuna zikiwa bado viganjani.

"Nitaichorea nyumba ya msonge," alisema Rutaihwa. "Ukibofya mlango, unafunguka, mzee anatoka na mkuki. Video yenyewe itakaa kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo, inakuja kwa plagini yao. Atakayetazama atatazama, lakini hawezi kuichukua."

"Renatha ana simu tu," alisema Sumaiya. "Simu yake haina plagini hiyo."

"Zitawekewa. Kampuni kubwa vile itaziacha simu?"

"Na zisipowekewa? Na hiyo kampuni ikifunga mlango, ufunguo anao nani? Mzee? Wewe?"

Mzee Kahangwa alikuwa akiwasikiliza, macho yakienda kwa huyu na kurudi kwa yule. Akamgeukia Sumaiya.

"Mwana wange, hebu nieleze. Hiyo njia yako ya wazi, mtu akitaka kunichukua ananichukua?"

Sumaiya hakuwa mtu wa kudanganya wazee. "Anaweza, mzee wangu."

"Wale vijana wa sokoni wanaouza nyimbo kwenye CD, wananikata vipande?"

"Wanaweza. Lakini pia hakuna atakayeweza kukufungia."

Mzee alitikisa kichwa. "Anayekuja kwangu apite mlangoni. Sitaki kusikia nimelia kwenye simu ya mlevi, katikati ya matangazo." Kisha akasema jambo ambalo Sumaiya hatalisahau. "Ile iliyobaki kwenye mashine zenu, ifuteni. Nibaki mahali pamoja. Niahidi wewe, maana huyu mwanangu ni msahaulifu."

Naye akaahidi. Video ilipokwisha kupanda kwenye kompyuta za kampuni ile, mzee aliletwa mjini, akaketi kwenye kiti cha wateja, na Sumaiya akaifuta mbele ya macho yake. Mkono wake ulisita. Akamtazama Rutaihwa, Rutaihwa akatazama pembeni. Alibonyeza.

Hapo ndipo mtu anapotamani kupiga kelele. Mzee aliyelinda kibanja chake maisha yake yote, asikubali hata jirani asogeze mpaka kwa upana wa jani, alilichukua jina lake akalitia kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hakuwa hata amesikia habari za Nyanga. Na hakuna aliyemdanganya. Alilinda heshima yake kwa busara yote aliyokuwa nayo. Kosa halikuwa la mzee. Kosa ni la dunia inayouza kufuli na kubaki na ufunguo.

Renatha alipiga simu kutoka Bumbire siku tovuti ilipofunguliwa.

"Kaka, naona kisanduku cha kijivu."

"Subiri kidogo, mtandao wa huko mzito."

"Nimesubiri, mae, mpaka betri inaisha. Baba yuko wapi?"

Rutaihwa alimwambia simu mpya zitakuja. Sumaiya alimvuta pembeni. "Turudi Nyanga. Turekodi tena, dakika moja tu, kwa ajili ya Renatha. Mzee atakubali, ni binti yake." Rutaihwa alisema sawa, mwezi ujao. Simu mpya zikaja kweli, na zenyewe zikaikataa kabisa ile plagini. Watengenezaji wa simu walisema inakula betri na ina matundu ya wezi. Rutaihwa alikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama. Hakutaka kurekodi upya, maana kurekodi upya kungekuwa kukubali. Na senene walipoanza kuanguka, Mzee Kahangwa akafa.

Tangu hapo, kila Renatha alipokuja mjini, hakwenda sokoni kwanza. Alivuka ziwa, akapanda gari Muleba, akashukia Miembeni, akaketi mbele ya ile kompyuta kongwe, iliyokuwa bado na plagini. Sumaiya alimwekea chai, akageuza kibao cha mlangoni. Mlango wa msonge ulifunguka, mzee akatoka, Renatha akalia, akacheka, akalia. Sumaiya alikaa nyuma yake kila mara. Miaka ilipita hivyo. Rutaihwa alihamia Dodoma kwa kazi ya ofisi, jina lake likafutwa na mvua juu ya mlango.

Kisha tangazo likatokea juu ya ukurasa: plagini ile inafungwa mwaka ukiisha, na kampuni inayohifadhi video inafunga pamoja nayo. Sumaiya alijua la kufanya. Aelekeze kamera ya simu kwenye kioo, basi. Kazi ya dakika chache, jambo ambalo hata mtoto wa shule analifanya. Alikaa mbele ya kioo, simu mkononi, akaisikia sauti ya mzee: *niahidi wewe*. Akampigia Rutaihwa.

"Nipe ruhusa niichukue."

"Ahadi hukunipa mimi. Ulimpa marehemu."

"Wewe ni mwanawe."

"Sumaiya, wataahirisha tu. Watu wangapi duniani wanatumia kitu hiki? Nimewaandikia. Watatunza." Kisha akacheka, kile kicheko cha zamani. "Au unataka tu nikwambie ulikuwa sahihi?"

Lingekuwa swali la mtu mwingine, angekata simu. Lakini lilimchoma mahali pabaya, kwa sababu katika miaka yote ile, ndiyo, alitaka kuambiwa. Akaona haya. Akajiambia kwamba mtu anayevunja kiapo ili ashinde ubishi ni mtu mdogo. Akaiweka simu chini. Kumpigia Renatha, aliyekuwa na haki kuliko wote, hakukumpitikia, au kulimpitikia akaogopa kumtia hofu bure. Hata yeye hana hakika.

Mwaka mpya ulipoanza, Renatha akaja. Alikuwa amesuka nywele, ana furaha. Binti yake Joanitha alikuwa ameposwa.

"Dada, safari hii nataka uniunganishie na spika. Siku ya kumuaga mtoto, babu yake asimame. Nimeshawaambia wakwe."

Sumaiya hakuwa amefungua ukurasa ule tangu sikukuu. Alifungua. Kisanduku kilikuwa kijivu, na ndani yake hata msonge haukuwemo.

"Mtandao?" aliuliza Renatha.

"Hapana."

"Umeme?"

"Hapana, dada."

Alimweleza yote, bila kujificha nyuma ya Rutaihwa: tangazo, simu mkononi, ahadi. Renatha alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama mtu anayesomewa wosia wa mtu baki.

"Kwa hiyo ulikuwa naye kwenye kiganja," alisema mwishowe. "Ukamwachia."

"Nilimwahidi."

"Najua. Baba alikuwa hivyo. Hata mimi ningemwahidi." Nje pikipiki ilipita ikipiga honi. "Lakini wewe umeyasikia kuliko sisi sote. Kila nilipokuja ulikuwa nyuma yangu. Unayajua?"

Sumaiya aliitikia kwa kichwa.

"Yaseme. Mwenyewe hayupo wa kukataza. Waitu, tafadhali, hata mstari mmoja."

Akayasema. Kihaya chake kilikuwa cha mjini, chepesi, lakini maneno yalikuwa yote mahali pake: Asiyeuliza Njia, mto, mvumbi kabla haujalegea. Alijikuta amesimama. Alikuwa akiingia mstari wa nne Renatha aliponyanyua kiganja.

"Nyamaza, mae."

"Nimekosea?"

"Hukukosea." Renatha alikuwa ameziba sikio moja, kama mtu anayezuia maji yasiingie. "Ukiendelea, nitaanza kukusikia wewe. Sauti yake imebaki humu tu. Usinifutie na hii."

Sumaiya akaketi. Chai ilikuwa haijaguswa Renatha alipochukua mkoba wake, akatoka, akitembea polepole, kiganja bado kikiwa sikioni.