Mama na Ukoka Wangu

Mama yangu ana vita vyake, na adui yake mkubwa ni ukoka. Si shetani, maana shetani amemwachia mchungaji. Ni ukoka, ile nyasi inayotambaa chini chini, unaing'oa hapa inachomoza kule, unaikata kwa jembe na kila kipande kinageuka mche. Nimekua nikimwona anaufukua kwa mikono, anaukung'uta udongo, halafu anautandaza juu ya jiwe mpaka jua liumalize. "Ukoka hauaminiki," alikuwa akituambia. "Ukiuonea huruma leo, msimu ujao unalala njaa." Kwetu kijijini Hasamba mwanamke anapimwa kwa shamba lake, na shamba la mama, mahindi upande huu na kahawa upande ule, lilikuwa safi kiasi cha kuwafanya wenzake wapite wakiangalia pembeni.

Sasa mfikirie mama huyo anapigiwa simu na binti yake, aliyekuwa akiuza chai na maandazi Tunduma, anaambiwa kwamba ameacha biashara na anakwenda chuo kusomea bustani.

"Bustani ya mboga?" akauliza.

"Hapana, Mama. Ya maua. Na nyasi."

Nikadhani salio limeisha.

"Nyasi," akasema hatimaye. "Unakwenda kulipa ada ufundishwe kuotesha nyasi. Haya. Na mimi miaka yote nimekufundisha kuzing'oa, tena bure."

Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Angeijua sababu asingesema vile, na sababu yenyewe ilikuwa vumbi. Anayeijua Tunduma anajua foleni ya malori ya mpakani na vumbi lake. Nilikaanga maandazi yangu kando ya foleni hiyo, madereva wa Zambia wakipita wananisalimu kwao "mulishani," na mimi najibu "bwino," yaani salama, huku nimefunika beseni kwa kanga, na bado vumbi linaingia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya wageni yenye geti jeusi. Geti likifunguliwa tu, ndani unaona nyasi. Kijani tupu, imekatwa ikalala kama zulia, na maua pembeni. Haki ya Mungu, nilikuwa naacha maandazi yaungue nikitazama pale! Mwenye nyumba ile, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo, alikuwa anajenga hoteli kubwa zaidi kwenye barabara ya kuelekea Mbozi. Siku moja nikajipa moyo, nikavuka, nikamwomba anipe kazi ya kutunza bustani ya hoteli mpya. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Maneno hayapandi maua, binti," akasema. "Niletee cheti."

Basi nikakifuata cheti.

Chuo chetu kilikuwa cha wananchi, cha watu wa kawaida, wengine wamemaliza la saba tu, wengine wana watoto watatu. Upande mmoja walikuwa mafundi wa magari, upande mwingine washonaji, na sisi wa bustani tulikuwa wachache kuliko wote. Mafundi magari walituita wachungaji wasio na mbuzi. Kila tukipita na mareki yetu begani utasikia, "Jamani, malisho yameonekana?" Mimi sina simile, nilikuwa nawajibu pale pale kwamba wakijifua vizuri siku moja watatuletea gari la kubebea samadi yetu.

Lakini nilipapenda. Nilipenda kuchora ramani ya uwanja kwenye karatasi, kuamua mti ukae wapi ili kivuli cha jioni kiangukie barazani. Nilipenda kujua kwamba michongoma ukiikata juu mapema inanenepa chini. Zaidi ya yote nilimpenda mwalimu wetu, mzee mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwaka. Alikuwa na desturi moja. Kukagua nyasi hakutumia macho. Alikuwa anakaa chini, anavua viatu, anavua soksi, anakunja suruali, kisha anatembea pole pole kutoka kona hadi kona huku amefumba macho. Mguu ukigusa udongo mtupu, anasimama. "Hapa umelala," anasema. Wanafunzi wengine walicheka chini chini. Mimi nilikuwa naangalia ile miguu yake myembamba nikiomba isisimame kwenye kipande changu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kutengeneza bustani ya kweli, kwenye nyumba ya watu, na kuitunza mpaka mwalimu aje kuikagua. Asiyefaulu hapo, cheti asahau. Wenzangu walipata nyumba za watumishi. Mimi nilikuwa na nyumba moja tu ya kuomba.

Mama hakukataa. Alisimama katikati ya uwanja wake, uwanja aliokuwa akiufagia kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa mpaka ubaki na mistari, akautazama kama mtu anayeaga. Kisha akasema, "Panda. Ila huo muhindi usiuguse."

Alimaanisha mche mmoja wa mahindi uliokuwa umejiotea karibu na ngazi, kutokana na punje za kuku. Hiyo ndiyo dini yake ya pili. Tangu utoto wetu, muhindi ukijiotea popote, njiani, mlangoni, chooni, mama anauzungushia mawe na sisi wote tunaupita kwa kando. Kung'oa muhindi ulio hai, kwa mama, ni sawa na kumfukuza mgeni aliyekuja na chakula. Nikasema sawa, Mama. Nikapinda njia yangu ya kokoto ikauzunguka.

Nikapiga vigingi, nikavuta kamba, nikamwaga samadi, nikapanda waridi kando ya baraza na michongoma kuelekea barabarani. Katikati nikapanda ukoka. Niliuleta kutoka chuoni kwenye viroba viwili, nikaupanda kipande kwa kipande nikiwa nimepiga magoti, mvua za kwanza zikanisaidia. Mama alipita mara nyingi siku ile akielekea jikoni, uso ameugeuzia ukutani asione uwanja wake unavyochimbwa.

Ukoka ukashika. Nikarudi chuoni kumalizia masomo ya darasani, roho nyeupe. Wiki ya ukaguzi ilipokaribia nikapanda basi kurudi nyumbani nikaupunguze vizuri.

Nilifika jioni. Kwanza nilidhani nimekosea nyumba. Uwanja ulikuwa mwekundu, mtupu, umefagiwa, una mistari ya ufagio. Na juu ya mawe ya kando, ukoka wangu wote ulikuwa umeanikwa, umekauka, unalia ukishikwa.

Mama akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, uso umejaa furaha. "Umefika mwanangu! Umeona? Majani yalikuwa yamekuvamia, yamekuzidi kabisa. Nikasema mtoto yuko masomoni, ngoja nimpalilie. Maua yako yote nimeyaacha, sikugusa hata moja."

Jamani. Nilikaa chini pale pale na begi langu. Nilitaka kupiga kelele, na kelele zikatoka. "Mama! Nyasi ndiyo mtihani! Mwalimu anakuja kukagua nyasi! Si waridi, si michongoma, ni hiyo nyasi!" Nikalia kama mtoto mdogo. Nikamweleza yote kwa mara ya kwanza, geti jeusi, hoteli, yule mama na cheti chake, vumbi kwenye beseni la maandazi. Alisikiliza amesimama, mikono bado ndani ya kanga.

"Mimi nilijua nyasi ya kulipia ada ni ya kizungu," akasema taratibu. "Nilidhani ukoka umekuja na samadi." Akaokota kipande kikavu kwenye jiwe. "Kwa hiyo kazi yako iko kwenye huo ukoka?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi ndiye niliyeuanika."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikabeba begi langu nikaingia ndani.

Asubuhi nilipoamka mama hakuwepo. Jembe halikuwepo. Nikadhani ameenda shambani kukwepa uso wangu, nami nikakaa barazani kutazama uwanja mwekundu na kufikiria nitamwambia nini mwalimu. Jua lilikuwa limepanda nilipomwona anakuja na gunia kichwani, linadondosha udongo mabegani mwake. Akalitua mbele yangu. Lilikuwa limejaa ukoka, mbichi, na mizizi yake.

Mama yangu alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba kuomba ukoka. Yeye! Mwanamke ambaye majirani walikuwa wanaficha magugu yao akipita, alikuwa amesimama milangoni mwao akiuliza kama wana ukoka wa kumgawia. Habari nilizipata baadaye kutoka kwa jirani yetu wa bondeni, aliyefika na debe lake huku machozi ya kicheko yanamtoka. "Nilimwambia, dada, umeumwa? Akaniambia niache maneno nimwonyeshe ulipo mwingi. Nikamwonyesha shamba langu lote! Nikamwambia chukua, usione haya, nami nimepata wa kunipalilia!"

Wakaja na wengine, kina mama wa kanisani, kila mmoja na ukoka wake na kicheko chake. Mama alivumilia utani wote. Uso ulikuwa mkavu, lakini masikio yalimwiva. Ila kwenye kupanda hakukubali kuelekezwa na mtu. Nilipoinama kuwaonyesha namna ya kuutawanya, alinisukuma pembeni kwa kiuno.

"Wewe tumekuona. Niletee kamba."

Akapanda ukoka kama anavyopanda maharage, kwa kamba, mistari minyoofu, nafasi sawa sawa, kila shimo na konzi ya samadi. Nilimtazama akiwa amepiga magoti kwenye uwanja wake, anaushindilia udongo kwa vidole kwenye shina la kitu alichokichukia maisha yake yote, na hasira yangu yote ikaisha. Nikapiga magoti upande wa pili wa kamba yake.

Mwalimu alikuja katikati ya juma. Aliangalia waridi, akaangalia njia na kuuliza kwa nini imepinda, nikamwonyesha muhindi, akatikisa kichwa. Kisha akasimama mbele ya mistari ya ukoka.

"Hii," akasema, "ni nyasi au ni shamba?"

Hakuvua viatu. Kwa kuwa hakuvua viatu nilijua nimeanguka, na nikaona barabara ya Tunduma na beseni langu.

Mama akaja mbele. Alimwamkia, kisha akasema, "Mwalimu, kosa ni langu. Mwanangu alipanda vizuri, mimi nikapalilia. Lakini nisikilize. Wewe umesoma nyasi, mimi nimepigana nazo. Huu ukoka nimeukata, nimeuchoma, nimeuanika, na kila mwaka unarudi. Haujawahi kunisikiliza hata siku moja nilipouambia ufe. Sasa leo nimeuomba uishi. Utashindwaje?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema hawezi kukagua kitu ambacho bado hakijawa nyasi, ila atarudi mvua zikikaribia kwisha. Ikiwa imefunika, sawa. Ikiwa haijafunika, tutaonana mwaka kesho. Akaondoka.

Miezi ile sikuwa nyumbani sana, nilikuwa namalizia masomo. Mama ndiye aliyekuwa ananipigia simu, naye kupiga simu hapendi. "Umegusana upande wa michongoma." "Mbuzi wa jirani nimemfukuza, na jirani nimemfukuza." "Leo mvua ilikuwa kubwa, lakini haukusombwa." Salamu alikuwa anasahau.

Siku ya ukaguzi wa pili nilikuwa macho tangu alfajiri. Uwanja ulikuwa wa kijani, mzito, mistari yote imepotea. Nilikuwa nimeupunguza jana yake kwa mkasi wa kukatia ua. Tulisimama barazani mimi na mama tunamwona mwalimu anashuka kwenye bodaboda kule barabarani, na hapo ndipo mama akauona. Katikati kabisa ya nyasi, muhindi. Mchanga, majani mawili, umejiotea kwenye punje za kuku, mimi sikuuona wakati wa kukata.

Nilimtazama mama. Nikataka kumwambia, acha, nitamweleza, nitazungushia mawe. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshashuka ngazi. Akakanyaga nyasi kwa miguu mitupu, akainama, akauzungushia vidole ardhini, na akaung'oa. Akaufunika kwa kanga na kupita kando ya nyumba bila kunitazama.

Mwalimu akaingia. Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali. Akafumba macho na kutembea kutoka kona hadi kona, na hakusimama popote. Alipofungua macho alikuwa kwenye waridi. "Umefaulu," akasema. "Na mama yako mpe pongezi zangu."

Nilikimbia nyuma ya nyumba kumwambia. Nilimkuta amepiga magoti karibu na ukuta wa jiko, ameshachimba shimo, anaurudishia muhindi udongo taratibu kwa viganja. Alikuwa anausemesha, sauti ya chini, sauti ile aliyokuwa anatubembelezea tukiumwa.

"Usinune," alikuwa anauambia. "Mtoto alikuwa na mtihani."