Anayecheka Kwanza Afasiri

Enzi zetu, nyinyi mliokulia Dubai kabla wikendi haijahamishwa kutoka Ijumaa na Jumamosi mnajua, Alkhamisi ilikuwa Alkhamisi kweli. Basi la skuli likitushusha mtaani kwetu Oud Metha, mkoba unatupwa nyuma ya mlango, sare inavuliwa huku unatembea, na mpaka Jumamosi jioni hakuna mtu anayetaja hesabu. Nje joto halikuruhusu mchezo, kwa hiyo uwanja wetu ulikuwa ule ukumbi mwembamba wa ghorofa ya tatu, kati ya lifti na milango ya majirani. Hapo tulicheza kidalipo na mpira wa soksi, na mdako kwa vijiwe tulivyovichopoa kwenye vyungu vya maua vya jengo. Kaka Kizito, mlinzi wetu kutoka Uganda, alikuwa akipanda kutukemea kwa Kiswahili chake: "Nyinyi watoto, mpira hapana, nimesema. Madam ya juu anapiga simu kwa mimi. Yalla, ingia ndani." Tuliingia, tukasubiri lifti imshushe, tukatoka tena.

Watoto wa leo ukiwaambia tulikuwa tukicheza ukumbini, wanauliza mchezo huo unapatikana kwenye simu gani.

Ikiisha sala ya magharibi, tunakusanyika sebuleni kwa Bibi. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Unguja, akaja Dubai kijana kabisa, na Kiunguja chake hakukipunguza hata chembe. Jengo zima lilimwita Bibi, hata Wahindi wa ghorofa ya kwanza. Mezani kwake kulikuwa na kachori, katlesi, mkate wa mayai na chai ya maziwa iliyokolea hiliki. Baba naye huteremka kwenye kafeteria ya chini kutununulia zile chapati zilizojazwa jibini na chipsi zilizopondwa, ambazo Bibi alizisema vibaya kila wiki na kuzimega kila wiki.

Kilichotukusanya ni vichekesho vya televisheni vya Kiingereza. Ami yangu aliyekuwa akiishi Uingereza kila akija likizo alitubebea diski, amezitia ndani ya soksi zisivunjike. Nasema bila haya kwamba sijaona vichekesho bora kuliko vile mpaka leo. Kulikuwa na kimoja cha ndugu wawili wazee waliorithi duka la kukodisha suti za harusi, wote wawili hawajaoa wala hawapatani. Kingine kilikuwa cha kamati ya bustani ya mtaa, watu wazima na akili zao, wanagombania benchi moja miaka nenda miaka rudi. Ndani yake hakuna mzuri wa sura wala nyumba ya kutamanisha. Mvua inanyesha, sweta zina matobo, birika la chai halitoki motoni. Vipindi sita, khalas, kimekwisha, na aliyeshindwa mwanzoni ameshindwa vilevile mwishoni, isipokuwa wewe sasa unampenda. Bibi aliwatazama kwa mapenzi makubwa.

"Watu wanaochunga aibu zao namna hii nnawajua," alikuwa akisema. "Nimekua nao."

Kiingereza chake kilikuwa cha skuli ya zamani, kizuri lakini cha polepole, na mama yangu alikuwa akikipata nusu. Ndipo ikazaliwa sheria ya nyumba: anayecheka kwanza afasiri. Ukicheka, diski inasimamishwa, watu wote wanakugeukia, na Bibi anasema, "Haya, fasiri." Ukishindwa kueleza kilichokuchekesha, vikombe vyote ni vyako kuosha. Kaka yangu Suleiman alizowea kucheka ndani ya mto wa kochi asisikike. Kaka Kizito, aliyekuwa akipita kuchukua sahani yake ya kachori kabla ya zamu, siku moja alikamatwa akicheka mlangoni na kofia mkononi. Akafasiri nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kiganda, na ile tafsiri ikatuchekesha kuliko kipindi chenyewe.

Nilipokuwa darasa la tano, katika nyumba iliyotazamana na yetu alihamia Mmarekani mmoja kijana, jina lake Dana, na mumewe Mwingereza. Mume alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Garhoud, anatoka sisi tunaingia. Bibi hakuwa mtu wa kumwacha jirani akae peke yake Alkhamisi. Alimpelekea sahani ya katlesi, na sahani iliporudi ilirudi na mwenyewe. Sisi tukamwita Anti Dana.

Jioni yake ya kwanza alicheka sana. Alicheka mfululizo, kila mara pamoja na wale watazamaji wanaosikika wakicheka ndani ya kipindi. Bibi akamsamehe mara ya kwanza kwa sababu ya ugeni. Mara ya pili akanyanyua rimoti.

"Haya, mwanangu, fasiri."

Suleiman akamweleza sheria kwa Kiingereza. Anti Dana akawa mwekundu mpaka masikio, akakiri kwamba hajui kilichochekesha. Kwao, alisema, watu wa vichekesho wakigombana, mwisho wanakumbatiana na kuambiana wanapendana, na muziki unapigwa ili usikosee. Hawa Waingereza hawakumbatiani. Kwa hiyo yeye husubiri wengine wacheke, naye akacheka. Halafu machozi yakaanza kumtoka, na Mama akatuashiria watoto tutoke. Hatukutoka, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimfasiria Bibi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya harusi yao kule Uingereza, jamaa za mume walikuwa wakitaniana mezani kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka, wanacheka, naye anacheka nao. Mama mkwe wake, Bi Jin, akasema jambo kwa sauti ileile, na Anti Dana akaangua kicheko. Kumbe mama wa watu alikuwa akieleza siku za mwisho za marehemu mumewe hospitalini. Meza nzima ikanyamaza. Tangu siku hiyo Bi Jin hajamtolea neno baya hata moja. Anampelekea kadi nzuri, anamshukuru kwa kila kitu. Na sasa, mwaka ukianza, anakuja Dubai kukaa nao.

"Anakushukuru kwa kila kitu?" Bibi aliuliza.

"Kila kitu."

"Na hajakutania hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Bibi akatikisa kichwa. "Basi bado hajakusamehe, mwanangu. Mtu nikimstahi hivyo, mie, ujue simtaki jikoni kwangu."

Ndivyo lilivyoanza darasa. Fikirini wenyewe: mwanamke wa Kiunguja, yuko Oud Metha, anamfundisha Mmarekani jinsi ya kutazama vichekesho vya Waingereza. Kila Alkhamisi Anti Dana alikaa kwenye zulia chini ya miguu ya Bibi, kikombe mapajani. Jambo la kwanza alilofundishwa ni kutazama mikono. Katika kile kipindi cha ndugu wawili, mkubwa alimshambulia mdogo wake kwa ajili ya koti lililorowa mvua, akamwambia maneno ya kuudhi kweli. Anti Dana akakunja uso.

"Mdomo wake uwache," Bibi alisema. "Mikono inafanya nini?"

Tukarudisha nyuma kuangalia. Mikono ya yule kaka ilikuwa ikilitundika koti karibu na moto, inageuza mifuko nje ipate kukauka.

"Na ukimuona anasema kwa sauti hiyohiyo, mikono imetulia magotini," Bibi akaongeza, "huyo hatanii. Wewe nyamaza, umsikilize."

Nilikuwa mtoto, lakini nilijua ninachokiona. Anti Dana hakuwa akijifunza kucheka. Alikuwa akitafuta njia ya kurudi kwenye ile meza ya harusi. Alikosea mara nyingi na vikombe aliviosha sana, mpaka Suleiman akaanza kumwonea huruma na kumsaidia kuvipangusa. Halafu siku moja mwenyekiti wa kamati ya bustani alimwambia hasimu wake, kwa adabu kubwa, kwamba matango yake mwaka huu yamejitahidi. Anti Dana akacheka kabla ya wale wa ndani ya televisheni. Bibi akasimamisha. Anti Dana akafasiri vizuri, neno kwa neno, na Mama akacheka kwa tafsiri yake. Siku ile mkate wa mayai alikatiwa kipande cha pembeni, kile chenye ukoko, ambacho sisi wajukuu tulikuwa tukikipigania.

Bi Jin akaja. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mkoba mkubwa usiotoka begani. Kila alichoonyeshwa alikisifu: bahari nzuri, maduka mazuri, chumba kizuri, ahsante sana, msijisumbue. Anti Dana alikuwa akivuka kuja kwetu asubuhi mumewe akiwa kazini, anakaa jikoni na Bibi, anamenya viazi vya katlesi. Siku zikakatika, shukurani zikazidi. Alkhamisi ya mwisho kabla Bi Jin hajarudi kwao, Bibi akawaalika wote wawili chai.

Anti Dana aliona haya kuja mikono mitupu, akaoka keki ya ndizi. Kwa wasiwasi alionao, keki haikuumuka hata kidogo. Ilikaa mezani kati ya kachori na katlesi, nzito, rangi ya udongo, na sisi sote tukaisifu. Baba alimeza kipande chake kwa chai vikombe viwili. Suleiman alisema tamu, nikajua amefundishwa na Mama.

Bi Jin alitafuna muda mrefu. Akatazama dirishani, akasema kwa ile sauti kavu, "Nyumbani nina mlango mmoja hautulii upepo ukivuma. Unaweza kunifungia kipande cha kuuzuia?"

Nilimtazama Anti Dana. Uso ulikuwa umemwiva, na nilijua yuko wapi, yuko kwenye ile harusi yake. Macho yake yakashuka kwenye mikono ya mama mkwe. Ile mikono ilikuwa imekwisha kuchukua karatasi ya shashi, inakifunga kipande kile polepole, inakiweka ndani ya mkoba.

Anti Dana akacheka. Alicheka peke yake, kwanza, mbele ya kila mtu.

Bibi hakuwa na rimoti safari hii, lakini alinyanyua mkono vilevile. "Haya, fasiri."

Na yeye akafasiri, kwa Kiswahili chake cha miezi michache. "Anasema keki yangu ni mbaya," alisema, machozi yakimtoka. "Mbaya sana."

Bi Jin akaniuliza amesemaje, nikamwambia. "Mwambie nimekuwa na adabu," akajibu. "Ni mbaya zaidi ya hapo." Halafu akamgeukia mkwewe. "Mume wangu angeila yote. Angeimaliza, kisha angekwenda kulala na viatu." Ile mikono sasa ilikuwa imetulia magotini, na Anti Dana hakucheka. Alimtazama tu, akasubiri. Aliyecheka alikuwa Bi Jin mwenyewe, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka, akaziba mdomo.

"Na yeye kacheka kwanza," Bibi alisema kwa utulivu. "Afasiri."

Nikamweleza sheria. Bi Jin akaweka mkoba chini kwa mara ya kwanza tangu afike. Akaanza kutueleza habari za mumewe: alivyokuwa akiogopa kumwambia mtu kwamba hataki, alivyokula vyakula vibaya vya nyumba nyingi, na mwishoni alivyowaomba radhi wauguzi kwa kuwasumbua. Mimi nikafasiri, na nilipokosea Bibi akanisahihisha kwa upole. Alieleza mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyethubutu kwenda kuipasha. Anti Dana alikuwa ameshika kiganja cha mama mkwe wake. Hawakukumbatiana.

Siku ya kuondoka, pale mbele ya lifti, Bi Jin alimwambia mkwewe kwamba nywele zake zinahitaji msaada. Anti Dana alikuja mbio kumwambia Bibi, amefurahi kana kwamba ametunukiwa nishani.

Kwa hiyo nikiulizwa leo na Mmarekani aanze na vichekesho gani vya Kiingereza, namwambia aanze na vile vya watu wasiokumbatiana. Atazame mikono. Na asitazame peke yake, maana hilo ndilo gumu siku hizi.

Anti Dana na mumewe walihama zamani. Bibi tulimzika, Mungu amrehemu, na sebule yake sasa ni ya watu wengine. Mimi niko Jumeirah Village Circle, kwenye nyumba ambayo jirani yangu simjui jina, na ninakaa na binamu yangu Nasra anayesoma chuo. Nasra hucheka na simu yake jioni nzima. Ninaona mabega tu yanatikisika, masikio yamezibwa. Juzi nikamgusa nikamuuliza, "Umecheka nini?" Akaniambia, "Nitakutumia." Tumekaa kochi moja. Simu yangu ikalia, nikaitazama ile video, ikaisha, yeye keshafika ya kumi.

Nikatoa zile diski za Ami, mashine ya zamani bado inafanya kazi. Nikaweka ya ndugu wawili wenye duka la suti. Lilipofika lile koti lililorowa, nikacheka, na kidole changu chenyewe kikabonyeza kusimamisha. Nasra hakunyanyua kichwa. Nilikaa hivyo nikisubiri sauti ya Bibi iniambie, "Haya, fasiri," na nilijua haiji, na nikafasiri vilevile, kwa sauti, kwa Kiunguja, mpaka mwisho.